Ukuta Uliovuliwa Lipu

Port Reitz haina jiwe lake. Chimba msingi popote, kuanzia hospitali hadi Chaani, utatoa udongo wa kunata, na chini ya udongo utakutana na mwamba laini wa matabaka membamba unaomeguka kwa vidole. Wanajiolojia waliupa mwamba huo jina la kwetu, Changamwe, na wanasema ni wa enzi ya Jurasiki, mkongwe kuyapita matumbawe yote yaliyokibeba kisiwa cha Mombasa. Ukongwe huo haumfai kitu mwashi. Mwamba wetu ukipata maji hulainika, ukipata jua hupasuka. Ndiyo maana kila nyumba ya kudumu upande huu wa bandari imejengwa kwa mawe ya ugenini. Malori hushusha matofali ya matumbawe yaliyokatwa Tiwi au Kilifi, mawe bapa ya Mazeras ya kutandaza uani, na saruji iliyochomwa kwingine.

Kitu kimoja cha ujenzi tulikuwa nacho wenyewe, nacho ni mti. Ghuba yetu ingali na mikoko kuelekea Mwache, ingawa bandari, mafuta yaliyomwagika na njia mpya ya reli vimeimega kingo. Ukisimama kando ya maji wakati wa kupwa utaiona mikandaa imesimama juu ya mizizi yake, imenyooka kama iliyopimwa. Mti huo nitaurudia, kwa sababu ndio uliowaamrisha waashi wa pwani nzima, nao wakatii.

Jirani yangu ni mwashi. Ana umri wa kuwa babu wa vijana anaowafundisha kazi, na mtaa mzima humwita Fundi, kana kwamba hakuna mwingine. Napenda kumtazama akijenga. Jiwe hulichukua akaligeuza mkononi, akalitafutia uso, akalilaza, na akishalilaza haligusi tena. Vijana wake hulaza kwanza, kisha wakagonga, wakasogeza, wakagonga tena, na kila pigo hulegeza kile ambacho pigo la kwanza lilikuwa limekikaza. Yeye hawakemei. Huwangoja wachoke, kisha hulitoa jiwe lile na kulilaza upya bila neno. Nilipomwambia kwamba ng'ambo ya Mtwapa kuna mji uliojengwa na watu ambao hawakuwahi kuiona saruji, aliniuliza jambo moja tu.

"Kuta zimesimama?"

Nikamjibu nyingi zimesimama, paa ndizo zilizoanguka.

"Basi twende, mwanangu. Lakini usinikimbize."

Kutoka Port Reitz mpaka mji huo, Jumba la Mtwana, ni safari ya kubadilisha matatu na kuvumilia foleni. Unavuka Makupa kuingia kisiwani, unatoka tena kwa daraja la Nyali, unapita Bamburi, Shanzu, daraja la Mtwapa, kisha unateremka kwenye kibao na kufuata njia ya kulia kuelekea baharini. Sitasema mengi juu ya njia, ila Bamburi panahitaji neno. Kiwanda cha saruji cha pale kilianza kazi mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Maana yake ni kwamba saruji ya mwambao huu nayo ni matumbawe yaliyopitishwa motoni, sawa na chokaa ya wazee. Tofauti iko kwenye moto. Chokaa hutaka joto la nyuzi kama 900, ambalo rundo la magogo laweza kulifikia. Saruji hutaka nyuzi 1450 hivi, pamoja na udongo uliosagwa, na joto hilo hulipati kwa magogo ufukweni. Fundi alilitazama bomba la kiwanda mpaka matatu ilipopinda kona. "Kwa hivyo mimi na hao tunashika jiwe moja," alisema.

Jumba ni mji mdogo uliojengwa karne ya 14 na kuhamwa karne ya 15. James Kirkman aliuchimba mwaka 1972, na leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuna misikiti, nyumba, makaburi na visima, vyote chini ya mibuyu na miti mikubwa, na bahari iko pale pale. Wachimbaji walizipa nyumba majina kwa kile walichokikuta ndani: nyumba ya jiko, nyumba ya mabirika mengi, nyumba ya milango mingi. Majina ya wenyewe hayajulikani. Watu wengi huja, huzunguka, hupiga picha msikiti wa ufukweni na lile kaburi lenye aya ya Qur'ani juu ya mauti, kisha wanateremka kuogelea. Sisi tulikwama kwenye ukuta wa kwanza.

Nyumba iliyokamilika haisemi imejengwaje. Lipu imefunika mawe, rangi imefunika lipu, na mwashi mzuri na mwashi mbovu huonekana sawa mpaka mvua ya tatu. Pale Jumba lipu imeshuka kwa sehemu kubwa, imebaki kama mabaka meupe hapa na pale, na kila uamuzi wa mwashi uko nje. Fundi aliweka kiganja ukutani, kisha akauambaa ukuta polepole hatua kwa hatua akiupapasa. Kijana mwongozaji aliyekuwa ametupokea kwa shikamoo alianza hotuba yake ya kawaida, akaona hasikilizwi, akanyamaza. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiuliza maswali.

Jiwe lenyewe si zuri. Ni jiwe la mwamba wa nchi kavu, matumbawe yaliyokufa zamani mno, limejaa matundu na vipande vya kombe, halina umbo, halina pande. Huwezi kulichonga likawa tofali bila kulivunja. Mwashi wa Jumba hakulichonga. Alilichagua. Katika rundo alitafuta lenye upande mmoja bapa, akauelekeza upande huo nje, na mkia wa jiwe akauingiza ndani ya ukuta. Upande wa pili wa ukuta mwenziwe alifanya vivyo hivyo, na katikati wakajaza vijiwe na chokaa. Kila baada ya hatua chache liko jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja kuelekea wa pili, likizifunga nyuso hizo mbili zisiachane. Unene wote ni kama dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hivyo mtu alitembea na kipimo chake mkononi.

Kisha Fundi akanionyesha vijiwe vidogo. Mimi nilikuwa nimeviona nikavidharau, nikidhani ni takataka za ndani zilizochungulia. Kumbe kila kijiwe kimesukumwa kwa makusudi kwenye pengo kati ya mawe makubwa mawili, ncha ikatangulia, mpaka kikakaza. Kazi yake ni mbili. Hulizuia jiwe kubwa lisicheze wakati chokaa ingali mbichi, na hupunguza chokaa inayohitajika. Chokaa ilikuwa ghali kwa jasho, kama nitakavyoeleza. Mwashi mvivu angejaza pengo kwa chokaa tupu na kwenda nyumbani mapema. Chokaa nene hunywea ikikauka, hupasuka, na ukuta huanza kutafunika kutoka ndani. Hapa mapengo yamezibwa kwa mamia ya vijiwe, na kila kimoja mtu alikiinama kukiokota, akakijaribu, na pengine akakitupa akaokota kingine. Ukuta huo baadaye ulipakwa lipu nyeupe, laini, iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Hakuna mgeni wa nyumba ile aliyepata kuviona vijiwe.

Kitu kingine alichokiona ni mistari. Ukisogea nyuma na jua likiwa la ubavuni, utaona mstari ulionyooka unapita ukutani, na juu yake, kwa kimo cha kama dhiraa, mwingine. Kila mstari ni mahali kazi iliposimama. Walijenga kiasi, wakasawazisha juu, wakaacha. Chokaa haina haraka ya saruji, haikamati siku hiyo hiyo, na ukiipandishia mzigo mapema mawe ya chini huteleza. Walikuwa wakisubiri. Fundi alihesabu mistari kwa kidole kutoka chini hadi juu, akatikisa kichwa, akasema vijana wake wangeumaliza ukuta ule kwa juma moja, na ungeanguka la pili.

Milangoni mambo hubadilika. Miimo na matao havikujengwa kwa jiwe la rundo. Hapo ilitumika aina nyingine ya tumbawe, lile linalokua baharini likiwa hai, zito la maji, lenye vijitundu vidogo mno vilivyopangana sawasawa. Wakataji walilifuata wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka mbali, wakalikata kwa shoka na kulileta kwa chombo. Likiwa bichi hukatika bila ubishi. Unaweza kulichonga kwa tezo, ukalitia pembe, kidato, ukingo mwembamba. Likishakauka hewani hugeuka gumu, na kosa lililobaki limebaki. Kwa hivyo mchongaji hakuwa na muda wa kusitasita. Alipaswa kuwa na mwimo wote kichwani kabla mtumbwi haujafika, aukate kwa vipande vitakavyokutana, kisha vipande hivyo vipelekwe na kupandishwa na mtu mwingine ambaye labda hakuwapo wakati wa kuchonga.

Ustadi huo ulikuwa mkongwe hata kabla ya Jumba. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe la aina hiyo, yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Herufi zile zina mashina yaliyosukwa na majani, na aliyezikata alikuwa akikimbizana na jiwe lililokuwa likikauka mbele yake. Waashi wa karne za mwanzo walitumia tumbawe la bahari kwa kuta nzima. Baadaye walilihifadhi kwa ajili ya mihrabu, miimo na matao tu, na kuta wakaziachia jiwe la nchi kavu. Wako wanaosema huo ulikuwa mwanzo wa kuporomoka kwa kazi. Mimi sikubaliani nao. Kujenga kwa vipande vilivyochongwa sawa ni ustadi wa mchongaji. Kujenga kwa mawe yasiyo na umbo, ukuta ukatoka umenyooka na ukasimama zaidi ya miaka 600, ni ustadi wa mwashi, nao ni mgumu zaidi kwa sababu hakuna jiwe linalofanana na lililotangulia.

Sasa chokaa. Fundi aliwahi kuliona tanuu likiwashwa utotoni mwake, upande wa Kwale, na tulipoketi kwenye kivuli alinichorea chini kwa kijiti. Kwanza magogo hulazwa kwa duara, ncha zikielekea katikati, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo lifike kifuani mwa mtu. Katikati huachwa shimo. Juu hupangwa vipande vya matumbawe, vidogo chini, vikubwa juu, kwa mizani, rundo lisiegemee upande. Moto hutiwa shimoni, ukapanda kutoka ndani. Magogo yakiungua sawasawa, mzigo wa mawe hushuka taratibu na kulala juu ya kitanda cha makaa. Yakiungua upande mmoja kwanza, rundo hupinduka, mawe humwagika nje ya moto, na nusu ya kazi hubaki jiwe bichi. Mpangaji wa magogo ndiye aliyelipwa kwa heshima, Fundi alisema, si mwasha moto.

Yaliyoiva hubaki na umbo lake lakini huwa mepesi, meupe, na makali kwa ngozi. Yakimwagiwa maji hufoka, hupasuka, hugeuka unga. Unga huchekechwa, hurundikwa au hufukiwa ukiwa na maji yake, na hapo hupumzishwa kwa miezi. Chokaa iliyolala muda mrefu huwa laini na ya kunata, hushika jiwe bila kupasuka, na lipu yake husugulika ikang'aa. Aliyetaka kujenga nyumba ya heshima alichoma chokaa yake mapema sana, akaiacha, akaendelea na shughuli nyingine.

Ukuta ukishajengwa, chokaa huendelea na kazi. Motoni tumbawe lilikuwa limetoa hewa ya kaboni. Ukutani huirudisha, ikiinywa hewani kidogo kidogo, kutoka nje kuelekea ndani, na kuwa jiwe tena, kemikali ile ile ya tumbawe la mwanzo. Katika ukuta mnene jambo hilo huchukua miaka mingi. Waashi wa Jumba walikufa kuta zao zikiwa bado zinaendelea kukaza.

Tulipoingia ndani ya nyumba Fundi alishangaa kwa jambo ambalo kila mgeni hulishangaa. Vyumba ni virefu na vyembamba. Unaweza kwenda hatua nyingi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, lakini ukijaribu upana, hatua tatu nne umegonga ukuta. Kijana mwongozaji alisema watu humuuliza kama wazee walikuwa wafupi. Jibu liko kule kwetu ghubani. Dari ya nyumba hizi ilibebwa na boriti za mkandaa, na mkandaa unaofaa hutoa mti imara wa mita mbili na nusu, tatu hivi, kati ya ukuta na ukuta. Zaidi ya hapo hupinda. Mzigo wake ulikuwa mkubwa ajabu: juu ya boriti mawe bapa, juu ya mawe vijiwe na chokaa vilivyopondwa kwa mipigo kwa siku kadhaa, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka dari iwe kipande kimoja kisichopenya maji. Upana wa chumba ulikatwa na mti kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Tajiri akitaka nyumba kubwa zaidi aliongeza chumba nyuma ya chumba, hakuongeza upana.

Wakataji wa mikoko mpaka leo hutenganisha miti kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila jina lina kazi yake nyumbani. Miti hiyo ilipakiwa majahazini kwenda Oman, Bahrain na Kuwait kwa karne nyingi, hadi katika karne ya 20, kwa sababu kule hakuna misitu. Nayo ilikwenda na amri yake. Vyumba vya nyumba za zamani za huko ni vyembamba vivyo hivyo, na mtu wa Kuwait alilala chini ya kipimo kilichotolewa na tope la Lamu na Rufiji. Boriti ndiyo sababu pia ya magofu yetu kukosa paa. Mchwa na unyevu humaliza mti, dari nzito huanguka kwa mkupuo mmoja, na kuta hubaki zimesimama wazi chini ya mbingu.

Yako magofu mengine ambayo dunia nzima huyafungia safari. Huko Epidaurus, Ugiriki, uko ukumbi wa maonyesho wa karne ya 4 kabla ya Kristo, viti vya mawe ya chokaa vilivyopangwa kwenye ubavu wa kilima kwa nusu duara iliyozidi kidogo, vya kutosha watu kama 14,000. Mwongozaji huangusha sarafu katikati ya uwanja, na wageni walioketi safu za juu hushangilia kwa kuisikia. Mwaka 2007 watafiti wa Georgia Tech walieleza kwamba ngazi zenyewe huchuja sauti nzito za mvumo na kuacha zile za usemi. Miaka 10 baadaye wenzao wa Eindhoven walipima upya na kusema sifa imezidishwa, mnong'ono haufiki nyuma. Sijali sana nani kashinda. Ninachopenda ni kwamba watu wamekubali kulipima gofu kwa uangalifu ule, kana kwamba aliyelijenga bado anaweza kuulizwa. Kumbi za Warumi zilizofuata zilisimama kwa chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano, na msanifu wao Vitruvius aliandika namna ya kuitengeneza. Hizo nazo zilifika Afrika. Ule wa Leptis Magna, Libya, ulimalizika mwaka wa 1 au 2 baada ya Kristo. Karne hiyo hiyo mfanyabiashara wa Kigiriki kutoka Misri aliandika mwongozo wa safari za pwani yetu, akataja soko la Rhapta na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Majengo ya mawe hakuyataja.

Kitu kilicho karibu zaidi na ukumbi wa namna hiyo upande wetu ni Husuni Kubwa, Kilwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya mwanzoni mwa karne ya 14, iliyochimbwa na Neville Chittick. Ina birika la pembe nane linalotazama bahari, na ina ua uliodidimia wenye ngazi pana upande mmoja, ambako watu wangeweza kukaa wakatazama baraza au sherehe. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyo. Njiani alilala Mombasa, na aliyoyakumbuka ya Mombasa ni misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Yaani wakati Kilwa inajijengea kasri, sisi tulikuwa maseremala, na Jumba lilikuwa halijainuka au ndilo linaanza.

Nilimsimulia Fundi habari za Epidaurus tukiwa msikiti wa ufukweni. Alifikiri kidogo. "Wale walijengea watu wanaotazama," akasema. "Hawa walijengea watu wanaojisitiri." Na kweli, ukiipita milango ya nyumba zile utaona hakuna inayomruhusu mpita njia kuona mpaka ndani. Mgeni hukomea barazani au uani, na kutoka hapo kila chumba humficha aliye nyuma yake. Lakini hata hawa walijua sauti. Imamu huipa safu mgongo na kusema na ukuta, tena ukuta wa kaskazini, maana kwetu kibla kiko kaskazini. Bila mihrabu maneno yake yangemezwa. Lile tao lenye kina huyashika na kuyarudisha nyuma kwa waumini. Nje ya msikiti liko birika la kutawadhia na mawe ya kusugulia nyayo yaliyopachikwa sakafuni. Fundi alivua kiatu akalijaribu moja. Lilikuwa mahali pake hasa, kwa kimo chake hasa.

Aliyejenga Epidaurus anatajwa. Msafiri wa kale Pausanias alisema ni Polykleitos. Aliyechora Ngome ya Yesu ya mwaka 1593 anatajwa, Giovanni Battista Cairati, ingawa mikono iliyobeba matumbawe yake haitajwi. Hata Luteni Reitz, aliyeachwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824 na kuuawa na homa kabla mwaka haujafika nusu, ameacha jina kwenye ghuba, barabara na hospitali. Waashi wa Jumba hawana lolote. Ila Fundi alimpata mmoja. Kwenye ukuta mrefu wa nyumba mojawapo, upande wa kushoto mawe yamelala kwa nyuso zao na vijiwe vimekazwa, na upande wa kulia, kuanzia kimo cha kiuno, chokaa imekuwa nene, vijiwe vichache, jiwe moja limesimamishwa kwa ncha. Halafu, juu zaidi, kazi inarudi kuwa safi. "Huyu wa kulia alikuwa mwanafunzi," alisema, na kidole chake kikafuata mpaka. "Hapa ndipo mkubwa wake alipomwona." Akacheka peke yake.

Ukarabati ndio uliomtia mashaka. Kuta za namna hii zikizibwa kwa saruji huumia. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, kwa hivyo maji na chumvi ya bahari hukosa njia, hujikusanya kwenye jiwe kandokando ya kiraka, na jiwe hubomoka huku kiraka kimebaki kizima. Dawa ni chokaa, na chokaa yataka tanuu, magogo, matumbawe na miezi ya kungoja. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, wala matumbawe hai hayaguswi kwenye hifadhi za bahari, na sawa iwe hivyo. Lakini jiwe la nchi kavu lingalipo, na mkaa wa minazi wapo wanaouchoma.

Nilimuuliza angetaka kiasi gani kunijengea kidaka kimoja cha ukutani kwa namna ile ya zamani, Port Reitz, sebuleni kwangu. Alianza kupiga hesabu kwa sauti: jiwe la kuchagua, si la kukata, kwa hivyo lori mbili badala ya moja, maana nusu litatupwa. Kijana mmoja wa kuokota vijiwe. Siku za kujenga chache, siku za kungoja nyingi, na hata za kungoja kijana hula. Akafika kwenye chokaa akasimama.

"Ile ya dukani siitaki," alisema. "Pesa ya chokaa nipe sasa. Ya kazi utanipa mwakani."

Nikampa. Tanuu dogo limeshapangiwa mahali, nyuma ya kiwanja cha shemeji yake huko Kwale, na tunaloshindana sasa ni nani atakayepanga magogo.